Kebini Moja ya Kwenda Bukoba

Mama yangu alivuka ziwa kutoka Mwanza katika kebini ya daraja la kwanza, akashuka Bukoba asubuhi, akakaa kwenye benchi la bandarini, na akakataa kwenda kuliona kaburi alilolisafiria. Gari la kumpeleka lilikuwa limesimama karibu kabisa na benchi, injini inanguruma. Alisema yeye atabaki kulinda mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa kikapu kimoja na mkeka uliokunjwa.

Nimeyaweka hayo mbele kwa sababu kila ninayemsimulia safari ile hutaka kwanza habari za kebini: kitanda kilikuwaje, kweli kulikuwa na bomba la maji ya moto, kweli chai inaletwa mpaka mlangoni. Nikianzia huko, watu hucheka, na hapa sifiki. Sasa naweza kurudi nyuma.

Kaburi lilikuwa la mdogo wetu, kitinda mimba wa mama. Alikuwa bwana shamba, amepangiwa Bukoba kwenye kahawa. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kijana aliyemaliza chuo alikwenda alikopangiwa, hakuchagua. Sisi asili yetu ni Lumuma, lakini baada ya baba kufariki mama alihamia kwangu Kilosa mjini, nilikokuwa nafundisha shule ya msingi. Homa ilimchukua yule kijana kwa muda mfupi. Simu ya maandishi ilipofika posta ya Kilosa alikuwa amekwisha kuzikwa, na hata tungeipata siku ile ile, treni isingetufikisha. Tukaweka matanga bila maiti. Watu walikuja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Nakumbuka nilisahihisha madaftari ya hesabu matanga hayajaisha, na niliposambaza madaftari darasani hakuna mtoto aliyelalamika kwamba nimemkosea.

Mama hakulia sana. Baada ya arobaini akaanza kusema anataka kuliona kaburi. Hakuwa akisisitiza. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuambia chumvi imekwisha, kisha akaendelea na kazi. Lakini alisema kila siku.

Tatizo lilikuwa nyonga. Aliteguka mwaka wa mafuriko, akivuka mto Mkondoa, na haikurudi sawasawa. Akikaa kwenye benchi muda mrefu alishindwa kuinuka. Akilala pagumu, asubuhi ilibidi nimgeuze kama gunia. Na usiku aliamka mara kwa mara kwenda haja. Kutoka Kilosa mpaka Bukoba ni treni hadi Tabora, treni nyingine hadi Mwanza, halafu meli usiku kucha. Kwenye treni niliona njia: daraja la pili lilikuwa na vyumba vya wanawake vyenye vitanda, tungelala chumba kimoja. Meli ndiyo iliyotushinda. Kwetu hakuna aliyewahi kupanda meli. Walimu wenzangu wawili waliowahi kupita huko waliniambia abiria wa sitaha hulala chini, juu ya bati, katikati ya magunia na mikungu ya ndizi, upepo ukipiga, na choo kiko chini ngazi mbili. Kebini ni kitanda, blanketi na choo mlango wa pili.

Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya vitunguu vya Lumuma, na ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mabati ya nyumba. Ilitosha treni kwa wote wawili. Kwa meli, tungeweza kwenda sitaha sote na kubakiza kiasi cha kuezeka upande mmoja, au kumlaza mama kebini, mimi nibaki sitaha, na nyumba ibaki na nyasi. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya kuamua.

Jumamosi moja nilipanda treni ndogo ya Kidatu nikashuka Mikumi kumwona kaka. Kaka yetu mkubwa alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye hoteli ya mbugani. Alitandika vitanda vya watalii, akakung'uta vyandarua, akabadilisha taulo. Hakupata ruhusa ya kusafiri nasi kwa sababu ulikuwa msimu wa wageni. Nilimkuta nyuma ya jiko anamfukuza nyani kwa fagio. Nyani ana mkate mzima mkononi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umemwona huyu? Ndiye mgeni pekee hapa asiyelipa, na ndiye anayelalamika zaidi."

Nilimweleza shida. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha badala ya kujibu akachukua ufunguo akanipeleka kwenye chumba ambacho wageni walikuwa wameondoka asubuhi. Alisema kebini ya daraja la kwanza haiwezi kupishana sana na chumba kile, ila ni ndogo na inatikisika. Alianza kunionyesha kitu kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama anavyomwonyesha mgeni. Shuka mbili, ya kulalia na ya kujifunika. Blanketi mguuni. Taulo kubwa, taulo ndogo. Sabuni ya kipande kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Mabomba mawili ukutani. Kitufe cha kengele. Asubuhi chai, na biskuti mbili kwenye kisahani.

"Sabuni yote hii ya mtu mmoja?" niliuliza.

"Ya mtu mmoja. Na akiitumia mara moja tunaitupa."

"Mnaitupa?"

"Mimi siitupi," alisema. "Unafikiri watoto wangu wanaogea nini?"

Nilimwambia vitu vingi katika vile mama hana shida navyo. Ana shida na kitanda, baridi, na choo. Sabuni na kengele ni vya nini?

"Mgeni halipii sabuni," alisema kaka. "Hapa nimewaona miaka yote hii. Analipia kutosukumwa. Mama amesukumwa vya kutosha. Lumuma alihamishwa na baba mara mbili, akaja kwako, akapata msiba kwa karatasi ya posta. Usiku mmoja tu mtu amwite madamu. Ndicho ninachotaka."

"Na nyumba?"

"Nyasi zipo. Nitakuja mwenyewe kuezeka."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda kile. Kilikuwa laini kuliko nilivyotarajia, nikainuka haraka, na kaka akanyoosha shuka pale nilipokalia. Nilimuuliza kama anadhani mama atalala peke yake. Alisema kengele ipo, na tena mimi nitakuwa naye, si nitakuwa humo humo melini? Nitakaa miguuni pake mpaka apate usingizi, kisha nishuke kwenye nafasi yangu. Niliona ni sawa. Nilikuwa na picha hiyo kichwani tangu Kilosa: mama kitandani, mimi sakafuni.

Niliporudi nilimuuliza mama mwenyewe anataka nini. Alikuwa anachambua mchele.

"Nitalala mtakaponiweka," alisema.

"Mama, ni wewe unayesafiri."

"Basi nitalala utakapolala wewe."

Niliyachukua maneno hayo kama adabu tu, kwa vile mama hakuwa mtu wa kuomba kitu. Habari zikazagaa, na balozi wetu wa nyumba kumi alipita jioni kuhakikisha.

"Mwalimu, nasikia tunajenga ujamaa huku chini, nyinyi mnapanda ghorofani."

"Ni nyonga ya mama, mzee."

"Nyonga ya kikabaila," alisema, na akamcheka mama, na mama akamkaribisha chai. Hakuna aliyekasirika. Lakini nilijua litasemwa kisimani, na lilisemwa.

Siku ya kukata tiketi mama alisema naye atakuja. Tulikwenda polepole, akipumzika kila kwenye kivuli. Karani wa tiketi pale stesheni ya Kilosa alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wasagara, tangu enzi za misafara, wao wakipita kwetu na mizigo ya Waarabu kichwani na sisi tukiwauzia maji na mahindi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hata msibani. Huko ndiko hasa anakotakiwa kukutukana. Ukimnunia, wewe ndiye mwenye makosa.

"Shikamoo, mke wangu mkubwa," alimwambia mama kupitia dirisha la wavu.

"Marahaba, mla michembe, viazi vikavu vya kwenu."

"Nimesikia mmeniulia shemeji. Mtoto mzuri vile mmempeleka kwa watu wa ndizi, amekufa kwa kukosa ugali."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na nilisimama pale na mkoba wangu, namtazama meno. Karani alipoona hivyo akazidisha. Nilipomwambia tunataka kebini ya daraja la kwanza kwa ajili ya mama, akavua miwani.

"Msagara daraja la kwanza! Mama, utalala kwenye godoro au utalipandia mahindi?"

"Nitalipandia vitunguu," alisema mama. "Wewe utabeba. Si kazi ya babu zako?"

Watu kwenye foleni walikuwa wanashika mbavu. Karani alipiga mhuri tiketi za treni, akafika kwenye za meli, akasimama.

"Hii ya mama kebini. Na hii yako, mwalimu, sitaha. Mnajua kuna mlango wa chuma kwenye ngazi? Unafungwa meli ikishang'oa nanga. Wa chini haendi juu. Mama akikohoa huko, wewe utasikia kwa redio."

Tukacheka sote, mama zaidi ya wote.

"Nasema kweli," alisema.

Hivyo ndivyo mtani anavyosema kila mara. Alikwisha kusema kweli kwamba meli ina ng'ombe wanaokaa daraja la pili, na kweli kwamba Wasagara hupimwa uzito kabla ya kuvuka ziwa, wakionekana wepesi wanafungwa jiwe. Alisema mara ya tatu, safari hii akinitazama mimi na si mama, "Mwalimu, nasema kweli, chukueni sitaha wote wawili, mkae pamoja."

"Unataka kuninyima kitanda, mla michembe," alisema mama. "Piga mhuri."

Akapiga. Nadhani, kwa jinsi alivyovaa miwani yake taratibu, alijua kwamba hatukumsikia. Lakini nyuma yetu kulikuwa na foleni, na mtani hana namna ya kuacha kuwa mtani katikati ya maneno.

Safari ya treni sina la kusema sana. Mama alilala kitanda cha chini, mimi cha juu yake. Mwanamke mmoja wa Dodoma alitugawia karanga. Tabora tulisubiri mchana kutwa. Nilikuwa natazama vitu na kuvihesabia majina, mwembe, tangi la maji, mbuzi, bila kufikiri chochote, na mama naye, nilivyomwona, alikuwa hivyo hivyo.

Mwanza, mlango wa chuma ulikuwepo. Ulipakwa rangi nyeupe, na mhudumu mwenye koti jeupe alisimama hapo akitazama tiketi. Alimpokea mama kikapu kwa heshima, akamwita madamu, kama kaka alivyotaka. Nilipotaka kupita nyuma yake alinyoosha mkono.

"Wewe chini, dada."

"Nampeleka tu mama yangu. Ana nyonga mbaya. Na usiku huamka mara kwa mara."

"Nitamwangalia. Chini, dada. Unazuia wenzako."

Nilimwambia nitakaa sakafuni, sitagusa kitu. Alisema sheria si yake. Mama alikuwa amefika katikati ya ngazi, ameshika reli kwa mikono miwili. Aligeuka. Nilidhani atasema kitu kwa Kisagara, lakini alinitazama tu, kisha akatazama mlango, na mhudumu akamshika kiwiko akampandisha. Mkeka nilibaki nao mimi.

Usiku ule nililala kati ya magunia ya sukari na familia moja iliyokuwa inarudi kwao. Upepo ulikuwa baridi kama walivyosema. Mara mbili nilikwenda mlangoni. Mara ya kwanza mlinzi alinirudisha. Mara ya pili hakukuwa na mtu, mlango umefungwa kwa kufuli, na nilisimama nikisikiliza. Kulikuwa na mtambo wa meli tu.

Asubuhi mama alishuka amevaa kanga zilizonyooka, uso umenawa, ananukia sabuni. Nilimpa shikamoo, akaitika. Nilimuuliza amelalaje, akasema salama. Alitembea vizuri kuliko nilivyomwona kwa miezi mingi. Kama ningeulizwa wakati ule kama kebini imefaa, ningejibu imefaa, maana nyonga ilikuwa nzima.

Kisha akakaa kwenye benchi.

Rafiki wa marehemu, bwana shamba mwenzake aliyekuwa amemzika, alikuja na Land Rover ya idara. Alikuwa kijana mwembamba, na alipiga magoti kabisa chini kumwamkia.

"Shikamoo mama. Pole sana mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula mama. Gari lile pale. Si mbali, tutarudi kabla ya adhuhuri."

"Nendeni na dada yako. Mimi nakaa na mizigo."

"Mizigo tutaipakia, mama."

"Nimesema nitakaa."

Nilimwambia kwa Kisagara kwamba ndicho alichokijia. Alisema, "Najua. Sasa sina haja nacho." Kijana akatoka, akarudi na buni za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani la mgomba, kama wanavyowapa wageni huko. Mama akazitafuna moja moja, akasifu. Akamuuliza kijana habari za mvua, za wazazi wake, kama ameoa. Kijana alijaribu tena, na tena. Dereva alizima injini. Jua lilipoanza kugeuka aliiwasha, akasema gari linatakiwa ofisini, na kijana akapanda, akatuaga. Mimi sikwenda. Hakukuwa na mtu wa kumwachia mama, na kwa jinsi alivyokuwa amekaa, mikono imelala mapajani, sikutaka kumpa kisogo.

Tulirudi na meli iliyofuata, sitaha, sote wawili. Nilitandika mkeka. Alilala bila kugeuka mpaka Mwanza, na nyonga ikamrudia vibaya, ikabidi mabaharia wawili wamteremshe.

Kaka alikuja Kilosa kuezeka nyasi kama alivyoahidi. Alikaa juu ya paa akiniuliza maswali, mimi nikimrushia mafungu kutoka chini. Alitaka kujua kama mama alipewa taulo mbili au moja. Mama ndiye aliyejibu, kutoka uani. Alisema mbili. Alisema maji ya moto yalitoka ukutani, sabuni ilikuwa ya kunukia, chai ilikuwa na maziwa mengi mno. Aliwasimulia hivyo hivyo wanawake wa kisimani miaka mingi, na hata balozi alikoma kumtania akawa anamwuliza habari za ile meli. Kaburi hakulitaja tena. Ile kauli ya kila siku ilikoma siku tulipofika nyumbani. Kaka aliposhuka kwenye paa aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ilifaa au haikufaa?" Nilimwambia sijui.

Nilimweleza mambo yote kwa mpangilio, isipokuwa yale ya mhudumu, kwa sababu sikujua yapangwe wapi. Asubuhi ile Bukoba, mama akiwa ameshatangulia kwenda kwenye benchi, yule mwenye koti jeupe alinishika mkono pale kwenye ngazi.

"Wewe dada, ulipitia wapi jana usiku?"

"Sikupanda. Ulinikataza mwenyewe."

"Usinifanye mtoto. Kebini ile ina vitanda viwili. Nilivitandika kwa mkono wangu, na abiria nilikuwa naye mmoja, mama yako. Leo vyote vimelaliwa."

"Labda alihama. Ana nyonga, hakai mahali pamoja."

Alinitazama nikaona hataki tena kunishtaki, anataka nimpe maelezo. Watu walikuwa wanatusukuma kwa mizigo. Alisema hilo alilifikiria, lakini alipoingia na chai mama alikuwa amesimama dirishani, ameshanawa, na yeye akapitisha mkono kwenye shuka kabla ya kuzitoa, kama wanavyofanya siku zote. Vitanda vyote viwili vilikuwa bado na joto.